Mazishi Yetu Yanafanana

Bosibori alikuwa na kipaji kimoja kisichofundishwa shuleni: alijua kusimama penye msiba bila kuonekana. Aliweza kupenya katikati ya mabinti wanaojitupa chini na wajane walioshikwa mikono, kamera mkononi, akatokea upande wa pili bila mtu kuuliza huyu naye ni wa nani. Kipaji hicho ndicho kilichompa biashara, na ndicho kilichomvimbisha kichwa. Niseme mapema kwamba simtetei. Namhurumia tu, na hata hiyo huruma ilichukua muda kuja.

Biashara yenyewe ilikuwa kuwaonyesha watu mazishi kwenye mtandao. Msicheke. Nenda kijiji chochote cha Kisii au Nyamira utafute ukoo usio na mtoto Marekani, utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Na wengi wa hao watoto hawawezi kurudi. Makaratasi yao hayajakaa sawa, na wakitoka, mlango utafungwa nyuma yao. Mama anafia Birongo huku mwanawe yuko Minesota anawaogesha wazee wa watu wengine. Zamani mtu kama huyo alipigiwa simu akaambiwa tumeshazika, akalia peke yake jikoni, akavaa koti akaenda kazini. Bosibori akasema huyu anaweza kuona. Alipe kidogo, aone.

Mwenzake alikuwa Uzair, kijana wa ukoo wa Waislamu wa Kisii mjini, wale ambao babu zao walikuja na marobota ya nguo wakakaa mpaka wakaanza kuota ndoto kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Uzair alikuwa na duka la kutengeneza simu, na dukani humo mtandao haukuwa wa kubahatisha. Kazi waligawana hivi: Bosibori anakwenda kijijini na kamera, picha zinaruka hadi dukani, na Uzair anazipokea na kuzirusha kwenye chaneli yao waliyoiita Buriani Mtandaoni. Bi Mariam, mama yake Uzair, hakuipenda kazi hiyo hata siku moja. Kwao mtu akifa alfajiri, alasiri yuko ardhini, na hakuna wa kumpiga picha. "Mnauza vilio vya watu," alimwambia mwanawe. Uzair alicheka tu, maana wateja walikuwa wanapiga simu.

Na kweli walipiga. Ilifika mahali watu wanamtafuta Bosibori kabla ya kumtafuta mchimba kaburi. Naye akaanza kujiona mkubwa wa matanga. Aliwasogeza wanakwaya, aliwafungisha watu miavuli, na mara moja alimwomba mjane alie akiwa ameelekea huku, maana kule kulikuwa na jua. Halafu kulikuwa na tangazo lake, ambalo hakuna mazishi aliyokosa kulitoa. Kabla ya ibada alishika kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, simu zote mfukoni tafadhali. Mkirekodi mnamaliza network na walio ng'ambo hawataona." Kulikuwa na ukweli kidogo humo. Ukweli mkubwa ni kwamba hakutaka mtu mwingine awe na picha za bure.

Basi ikaja Ijumaa ya kumzika Kemunto, mama mmoja wa Birongo aliyekuwa akilima chai na ndizi na kuimba sauti ya pili kanisani hadi pumzi zilipomwishia. Mwanawe wa kwanza, Anyona, alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu aondoke akiwa kijana asiye na ndevu. Alimpigia Bosibori mwenyewe.

"Dada, sikiza," alisema. "Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Udongo wa kwanza ni wangu kutupa. Siwezi kuja, hiyo unajua. Lakini kuna mtu aliniletea udongo wa kwetu, ulipita uwanja wa ndege ndani ya mkebe wa unga wa wimbi. Ruth, dada yangu, atatupa huko, na mimi nitupe hapa, wakati huohuo. Tukifika hapo nataka unionyeshe karibu kabisa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, ndugu Anyona."

"Usiniangushe."

"Utaona kama uko hapa," alisema Bosibori. Aliyasema hayo kwa kila mteja, na mpaka siku hiyo yalikuwa kweli.

Ijumaa kwa Waadventista haina mchezo. Jua likizama Sabato imeingia, na maiti haiwezi kukutwa nje. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri, picha ziliruka safi, na kule Minesota watu wa nyumbani walikuwa wamejazana kwa Anyona mbele ya televisheni kubwa, wengine wameketi sakafuni. Lakini nani asiyejua matanga yetu? Mashemeji wakataka kusema. Wanachama wa chama cha akina mama wakataka kusema. Mgombea mmoja ambaye hakumjua marehemu akasema kuliko wote. Kufikia alasiri mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima, Pasta Mokua anatazama saa kila aya, na umeme ukakatika sokoni. Mnara wa simu nao ukaanza kuchoka.

Bosibori aliona kwenye kioo cha simu yake kwamba picha haziruki tena. Kamera ilikuwa imesimama kwenye miguu yake mitatu, imeelekea hema na meza ya pasta. Aliiacha hapo, akapanda shamba la ndizi nyuma ya nyumba, ambako mtu alimwambia network hupatikana. Juu kabisa, kwenye mpaka na shamba la jirani, simu ikakubali sauti.

"Uzair, unaona picha?"

"Imeganda. Naona mdomo wa pasta umefunguka tu. Na watu wameanza kuandika. Anyona anauliza ni nini."

"Weka kitu."

"Kitu gani?"

"Weka kwaya, ile ya Nyaramba. Si ni kwaya hiihii, na nguo ni hizihizi? Waimbe mpaka network irudi."

Mwezi uliotangulia walikuwa wamerekodi mazishi ya mzee Ogoti wa Nyaramba, mzee wa kanisa, mazishi makubwa. Kwaya ilikuwa ileile, akina mama wa nguo za zambarau wakiyumba polepole kwenye mteremko wa majani mabichi. Uzair akaiweka. Kule Minesota watu wakaandika asante, imerudi, Mungu awabariki. Bosibori akashusha pumzi. Hadi hapo ni kosa dogo, na kama lingeishia hapo nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia.

Lakini network haikurudi. Kutoka kule juu alisikia nyimbo za chini zikianza kusogea, kwaya ya kweli ikitoka hemani, na alijua maana yake. Wanambeba Kemunto. Alifikiria kushuka akaibebe kamera aipeleke kaburini. Kisha akafikiria simu itakufa akishuka, na Uzair atabaki peke yake, na chaneli itabaki giza. Akabaki palepale ameshika mgomba. Simu ikaita.

"Bosi, hii video inaendelea," alisema Uzair. "Hawaimbi tu. Wametoka kwa hema, wanaenda kaburini. Nikate?"

Aliona giza kwenye televisheni ya watu. Aliona matusi chini ya chaneli, na mteja mmoja wa Keroka, wa mazishi ya wiki ijayo, akiyasoma. Halafu, na hili alilisema mwenyewe baadaye bila kuulizwa, akaona jeneza: kahawia, linang'aa, vishikio vya dhahabu bandia. La Ogoti lilikuwa hivyo. La Kemunto lilikuwa hivyo. Yote yanatoka kwa maseremala walewale. Udongo mwekundu, kamba, vijana wenye majembe, zambarau.

"Acha iende," alisema. "Mazishi yetu yote yanafanana."

"Una uhakika? Kwenu mimi sijui."

"Uzair, acha iende."

Yaliyotokea Minesota aliyapata baadaye kwa vipande, kutoka kwa watu waliomchukia. Anyona alikuwa amevaa suti nyeusi. Jeneza liliposhuka alisimama, akafungua ule mkebe, akachota udongo, akautupa kwenye beseni lililowekwa mbele ya televisheni. Halafu akapiga magoti akazungumza na mama yake kwa Ekegusii. Alimwomba msamaha kwa kutokuja. Alimwambia mambo ya utotoni ambayo hakuna aliyeyajua. Wanaume wazima walitoka nje kwenye baridi ili wasionekane wakilia. Akautupa udongo wote, hakubakiza hata chembe.

Na kwenye televisheni kamera ikaanza kurudi nyuma polepole, ule utaalamu ambao Bosibori alikuwa akijivunia, ili kuonyesha boma lote kwa jumla. Nyumba kubwa. Mabati ya buluu. Tangi la maji lenye ufa. Kijana mmoja anayeitwa Ian, aliyekuja kumliwaza rafiki yake tu, akasema bila ubaya wowote, "Hapo ni kwa anko Ogoti. Hiyo nyumba nimelala mimi." Hata alicheka kidogo, kwa kudhani amekosea. Halafu akaona hakuna anayecheka.

Uzair ndiye aliyempigia Bosibori. "Bosi, shuka," alisema. "Wamejua."

Aliposhuka alikuta vijana wanapigapiga udongo kwa migongo ya majembe. Kaburi limejaa. Manyunyu yalikuwa yameanza, na pasta alikuwa ameshafunga Biblia yake. Ruth alisimama pembeni mikono ikiwa myekundu kwa udongo, na ndani ya mkoba wake, kwa sababu alitii tangazo, simu ilikuwa inaita bila kupokelewa, maana network ilikuwa imerudi.

Ruth alipoelewa hakupiga kelele, ingawa kelele zingekuwa afadhali. Alisema, "Sawa. Umemwonyesha ya uongo. Sasa mtumie ya kweli. Hiyo kamera yako si ilikuwa inashika?"

Bosibori akafungua kamera mbele yake, wakatazama pamoja kuanzia pale watu walipotoka hemani. Viti. Viti vyeupe vya plastiki vya kukodi, safu kwa safu, havina mtu. Mbwa akapita, akanusa chini ya meza ya pasta, akaondoka. Kwa mbali ilisikika kwaya ikiimba mahali pasipoonekana. Ilikuwa hivyo hadi mwisho, viti tu, hadi matone ya mvua yalipoanza kuchafua kioo. Ruth aliuliza waliokuwepo nani ana picha, hata moja, ya simu. Hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikuwa wameambiwa waweke simu mfukoni.

"Hata ya kwetu ulitunyima," alisema Ruth. "Toka kwa boma la mama yangu."

*

Mambo ya namna hiyo hayahitaji redio. Kufikia Jumapili yalikuwa kwenye kila kikundi cha WhatsApp kutoka Suneka hadi Nyansiongo. Wateja walikata mmoja mmoja, wengine kwa adabu, wengine kwa matusi ambayo siyaandiki. Bosibori alijifungia chumbani kwake mtaa wa Mwembe, akalala ameelekea ukutani. Hakula. Alimwandikia Anyona samahani, akamwandikia tena, na tena, kila mara kwa maneno mengine, na kila mara aliona kwamba ujumbe umesomwa na hakuna jibu. Mwishowe neno lenyewe likawa kama makapi mdomoni. Kulikuwa na nyakati alitamani kulala asiamke, na hakuona aibu kutamani hivyo. Aliona aibu ya mambo mengine.

Uzair alikuja na kutoa pole, akasimama mlangoni.

"Nafunga chaneli," alisema. "Na kamera nimepata wa kuinunua. Mama ameniambia nisiingie tena kwa mambo ya wafu, na safari hii sina jibu."

"Ni mimi niliyeharibu."

"Niliuliza, Bosi. Nilikuuliza mara mbili." Hakusema kwa hasira. "Lakini mkono uliobonyeza ni wangu. Hata mimi silali."

Waliachana hivyo, watu waliokuwa wamekula sahani moja kwa miaka. Wakikutana mjini siku hizi husalimiana vizuri, kila mtu akaenda zake.

Bosibori alidhani aliyemkosea ni Anyona peke yake. Hakuwa amefikiria Nyaramba hata kidogo mpaka alipoitwa. Nyamusi, mjane wa Ogoti, hakuja mjini. Alituma neno tu kwamba anamtaka. Bosibori alimkuta kwenye majani chai yake, kikapu mgongoni, vidole havisimami.

"Mume wangu nilimzika mara moja," alisema Nyamusi bila kugeuka. "Nililia nikamaliza, watoto wakanyoa, tukafunga matanga. Sasa nasikia mtu amesimama huko ng'ambo akamtupia udongo tena. Mtu hana jina letu. Amemwita mama. Mzee wangu, na ndevu zake zote, ameitwa mama."

"Mama, nisamehe. Sikufikiri."

"Yaya, hapana, usiniambie hivyo. Wewe ulifikiri. Ulifikiri sisi wote ni kitu kimoja." Hapo ndipo mjane alipogeuka. Macho yake yalikuwa makavu, na chini ya macho pamevimba. "Tangu siku hiyo namsikia kwa jikoni. Anasogeza masufuria. Wanangu wanasema ni panya. Mimi nimeishi na panya na nimeishi na omogaka wangu, mzee wangu, najua tofauti. Hajui kama ameenda ama amerudi. Mtu anazikwa mara mbili kwa nini?"

Nyamusi alimwambia atoe simu yake na kila kifaa chenye mazishi yale, naye Bosibori akafuta kila kitu mbele yake, kwaya, hotuba, jeneza, ile nyumba ya mabati ya buluu. Mjane alisimama akitazama hadi kikaisha. Kisha akarudi kwenye chai yake, na Bosibori akateremka barabarani. Kama masufuria yalinyamaza usiku huo, hakuna aliyemwambia.

Tumbo halijui msiba. Shangazi yake aliuza ndizi soko la Daraja Mbili, mgongo umechoka, akamwambia njoo unisaidie kushusha mikungu badala ya kufia ukutani. Akaenda. Kazi ya ndizi ni nzito na ni ya wazi. Ndizi ikiiva imeiva, ikioza inanuka, na hakuna mwenye kukuonyesha ya jana akakwambia ni ya leo. Hilo lingemfariji kama watu wangemwacha. Lakini soko ni soko. Mwanamke mmoja wa mitumba alipita kila asubuhi, akachukua kichane, akakigeuzageuza.

"Hizi ni laivu ama ni rekodi?"

Meza zote zikaangua kicheko. Siku za kwanza Bosibori alikwenda kulia nyuma ya lori. Baadaye alizoea, ikiwa kuzoea ndilo jina la kuacha kusikia maumivu kwa sababu yamekuwa mengi. Alijibu, "Ni za leo, mama, nimeshusha mwenyewe," akapima, akafunga, akapokea. Kuna bwana na bibi harusi walikuja kumbembeleza awapigie video, hawajali yaliyopita. Aliwaambia hapana. Hakuwa anajitesa. Alijua tu kwamba akishika kamera ataanza tena kutazama kamera.

Hilo ndilo alilojifunza, na alijifunza peke yake, hakuna semina. Alikuwa amewauzia watu kuona, na yeye mwenyewe hakuwa ameona mazishi hata moja. Alijaribu kukumbuka sura ya mtu yeyote aliyemzika kwa kamera. Alikumbuka mwanga, na alikumbuka betri.

Simu ilikuja siku ya soko kubwa, alasiri, akiwa amesimama katikati ya mikungu. Namba ndefu ya ng'ambo.

"Ni wewe Bosibori?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Anyona."

Aliketi juu ya ndizi za shangazi yake, jambo ambalo shangazi hakubali mtu alifanye, na shangazi alipoona uso wake akamwacha.

"Sikukupigia nikutukane," alisema Anyona. Sauti yake ilikuwa imechoka, kama ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. "Hayo nilimaliza. Nataka kitu kimoja. Nimeuliza Ruth. Nimeuliza pasta. Nimeuliza majirani wote. Kila mtu ananiambia alikuwa analia, kichwa chini, hakuangalia vizuri. Wewe hukuwa unalia. Wewe ulikuwa kazini. Nani alishika kamba upande wa kichwa? Jeneza lilienda sawa ama liligonga? Ruth alitupa na mkono gani? Niambie tu. Nikifunga macho nione kitu, hata kidogo. Kwa sasa nikifunga macho naona mabati ya buluu."

Hebu fikiri. Alikuwa amesimama kwenye mazishi mengi kuliko mtu yeyote wa rika lake Kisii nzima. Angeweza kumpa mazishi matamu papo hapo: vijana wanne wenye nguvu, kamba zinateremka pamoja, jeneza linalala kama mtoto, Ruth akitupa kwa mkono wa kulia, mvua ikisubiri. Nani angejua? Ingekuwa huruma. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni mwake, na yalikuwa mazuri.

"Sikuona," alisema.

"Unasema?"

"Sikuona, ndugu Anyona. Nilikuwa juu kwa shamba la ndizi nimeshika simu. Nilisikia kwaya tu. Niliposhuka walikuwa wamemaliza. Sikumwona mama yako akizikwa."

Soko lilipiga kelele zake. Mkokoteni ukapita, mtu akamlaani mwingine kwa kumkanyaga.

"Basi tuko wawili," alisema Anyona.

Bosibori alifunika macho kwa kiganja kilichojaa utomvu wa ndizi.

"Sijakusamehe," alisema Anyona.

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Lakini nenda kwetu. Usibebe kamera. Simama hapo kwa kaburi, uangalie, halafu unipigie, uniambie kile unaona. Kile huoni, sema huoni."

Alikwenda Jumapili. Ruth alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akichambua maharagwe. Hakusimama. Bosibori alisalimu, "Bwakire, dada," na Ruth hakuitika. Alimtazama kutoka viatu hadi kichwa, akatafuta kamera, hakuiona, akaelekeza kidevu upande wa pili wa nyumba. Ni wazi kaka yake alikuwa amempigia.

Bosibori alisimama kando ya kaburi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama kaburini mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi. Akaikunja, akaikunjua. Akapiga simu, akaishika sikioni.

"Nimefika."

"Unaona nini?"

"Udongo umedidimia upande wa miguu. Maji ya mvua yamepita hapo, yamechimba kamfereji."

"Endelea."

"Kuna msalaba wa mbao. Umeinama kidogo, kama unaangalia jikoni. Wameandika Kemunto kwa rangi nyeupe. Chini kuna mwaka wa kuzaliwa, lakini rangi imetoka. Siwezi kuusoma."

"Mwaka hakuna anayeujua," alisema Anyona. "Waliandika wa kukisia. Endelea."

"Majani yameanza kuota, mafupi. Maua ya plastiki yamepauka, mengine kuku wameyararua. Kuna kamba."

"Kamba gani?"

"Kamba ya katani. Kipande. Imetokeza kwenye udongo upande wa kichwa. Nafikiri..." akajizuia. "Sijui kama ndiyo waliyomshushia. Naona kamba tu."

Alisikia pumzi za Anyona zikipanda na kushuka.

"Ule udongo wangu nilitupa wote," alisema Anyona. "Ulienda kwa mzee wa watu. Sina mwingine. Chota hapo. Utupe, useme ni wangu."

Bosibori akainama. Kabla vidole vyake havijagusa chini, mkono ulimshika kifundo cha mkono, mkono wenye nguvu uliozoea kuchuma chai. Hakuwa amemsikia Ruth akija.

"Si wewe," alisema Ruth. "Wewe angalia."

Akamwachilia. Bosibori akarudi nyuma, simu ingali sikioni.

"Ni nini?" aliuliza Anyona. "Kuna nini hapo? Usinyamaze."

"Ni dada yako. Amekuja. Amepiga goti moja. Anachota udongo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameshikilia msalaba." Sauti yake ilitaka kumtoroka, akaikaza. "Udongo ni mzito, una maji. Ameufinya. Ameinua mkono. Midomo yake inasema kitu lakini sisikii."

"Ni jina langu?"

"Sijui. Sisikii. Ametupa, ndugu Anyona. Umeangukia upande wa kichwa."

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Bosibori.

Ruth alikuwa ameinuka, akafuta mkono kwenye leso, akarudi kwenye maharagwe yake bila kumkaribisha mtu. Ndani ya simu mwanamume mzima alikuwa analia, safari hii bila maneno, na Bosibori alisimama pale palipodidimia, na hakukata simu.